Amboni, Tongoni na Pangani kwa siku moja: namna ya kutembeza familia kwa gari la kukodi

Mama yangu ameishi Nguvumali zaidi ya miaka 40. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kutoka mjini Tanga, lakini mpaka mwaka jana hakuwahi kuyakanyaga. "Kila mwaka nilisema nitakwenda, mwanangu," aliniambia. "Sasa magoti ndiyo hayo."

Hayuko peke yake. Wengi wetu tunadhani kutembelea vivutio ni kazi ya wageni. Ulaya na Marekani kuna magari yenye vitanda na jiko ndani, familia husafiri humo wiki nzima ikisimama hapa na pale. Sisi hatuhitaji gari la namna hiyo. Vivutio vyetu viko jirani. Noah moja ya kukodi, ndugu mkachanga mafuta na pesa ya dereva, inatosha kwa siku moja. Mzunguko wote ni takriban kilomita 120.

Anzeni kaskazini, malizieni kusini

Amboni iko upande wa barabara ya Horohoro, Tongoni na Pangani ziko kusini. Kwa hiyo nendeni Amboni asubuhi na mapema, mrudi kupitia mjini, kisha mshike barabara ya Pangani. Mkianza na Pangani, Amboni mtaifikia jua limeshazama.

Amboni: maji yaliyokula mawe

Watoto watauliza nani alichimba mapango haya. Jibu ni maji. Mvua ikipita kwenye udongo huchukua hewa ya ukaa na kuwa na ukali kidogo, mfano wa limau iliyozimuliwa sana. Maji hayo hula mawe ya chokaa polepole kwa mamilioni ya miaka. Yakidondoka tone kwa tone huacha chokaa kidogo kila mara, ndiyo maana mnaona mawe yamening'inia kama mishumaa.

Mtasikia pia kwamba pango linakwenda mpaka Mombasa. Ni hadithi tamu, lakini vipimo vya wataalamu havikufika hata kilomita moja kwa pango refu. Kuna sehemu ambayo watu bado huenda kufanya matambiko, ipiteni kwa heshima. Vaeni viatu vya kufunga, bebeni tochi, na msiingie bila mwongozaji. Kuna mahali pa kuinama sana, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu aishie mwanzoni, kama alivyofanya mama.

Tongoni: makaburi ya nguzo

Kilomita 17 hivi kusini mwa jiji kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, ya karne ya 14 na 15. Mengi yalikuwa na nguzo ndefu, alama kwamba aliyezikwa alikuwa mtu mwenye cheo. Kwenye nguzo walipachika mabakuli ya kauri kutoka China. Maana yake ni kwamba wakati huo Tongoni ilikuwa mji wa biashara, na bidhaa zake zilivuka bahari.

Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498. Mwaka 1499, akirudi kwao, mabaharia wake walikuwa wamepungua kwa maradhi, hawakutosha tena kuendesha meli zote. Akaichoma moto moja, São Rafael, kwenye maji ya Tongoni.

Leo nguzo nyingi zimeanguka. Waambieni watoto wasipande juu ya makaburi na wasiokote hata kigae. Jiwe likiondoka hapo halirudi.

Pangani: mto na Abushiri

Pangani ni kama kilomita 50 kutoka Tanga. Hapa ndipo Mto Pangani, ambao maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru, unapomwagika baharini. Kuleni samaki, kisha mtembee mji mkongwe na Boma. Waelezeni vijana kwamba mwaka 1888 watu wa hapa waliikataa kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuutawala mji, wakaongozwa na Abushiri bin Salim. Wajerumani walimnyonga hapa hapa Pangani, Desemba 1889.

Kilichotupata Kigombe

Tulikaa Pangani kupita kiasi, tukaondoka magharibi. Karibu na Kigombe tukapata pancha. Tairi ya akiba haikuwa na upepo, na jeki haikuwamo. Dawa za presha za mama, za saa mbili usiku, zilikuwa zimebaki mezani nyumbani. Kijana wa bodaboda ndiye aliyetuletea fundi. Tulifika Nguvumali saa nne usiku, mama amenyamaza kimya kiti cha nyuma. Alikuwa salama, lakini sitaki kuirudia safari ile.

Kosa halikuwa la mwenye gari peke yake. Mimi nililipa bila kukagua.

Kabla hujalipa gari, angalia haya

- Tairi ya akiba ina upepo? Jeki na spana zipo?
- Bima haijaisha, na leseni ya dereva je?
- Kila mtu ana kiti chake? Noah si daladala, na mtoto wa kupakatwa hana usalama.
- Mafuta ni juu ya nani? Kubalianeni kabla, pamoja na saa ya kurudi.
- Dawa za wazee zote zimo kwenye mkoba, hata za usiku?
- Pesa ya kiingilio mmeitenga? Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Dai risiti.

Ondokeni Pangani saa tisa au saa kumi alasiri, mfike kabla ya giza.

Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Sisi tuliozaliwa hapa hatuondoki, na pengine ndiyo maana hatutembei. Pale Tongoni mama aligusa ukuta wa msikiti akauliza, "Hivi wajukuu zangu watayakuta?" Sikuwa na jibu, ila niliwaita watoto waje waone.

Safari njema, msikilizaji.