Leseni ya Gari Dogo na Gari la Kifahari

Je, mwenye leseni ya gari dogo aweza kushika usukani wa gari kubwa la kifahari? Suala hili lilinikuta Butere, mji wa Kakamega ambako reli itokayo Kisumu hukomea. Jirani yake ni Mumias, walikopiga kambi misafara ya watu wetu wa pwani, na Uislamu ukashika mizizi.

Tulikuwa twapeleka bibi arusi. Gari lilikuwa refu, jeusi, la kung'ara. Kijana wetu aliyepewa ufunguo akasita. "Ami, leseni yangu ni ya kigari tu. Hili si litanipeleka kortini?" Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka, kwani aliuliza la maana.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, haitazami bei wala fahari. Yakataza mtu kuendesha gari la daraja lisiloandikwa katika leseni yake. Zamani tulizoea herufi BCE: E ni motokaa, B na C ni magari ya mizigo. Siku hizi B1 ni gari dogo lenye gia za otomatiki, B2 ni la gia za mkono, na B3 ni ya dereva wa kazi. Daraja C ni la malori, D ni la matatu na mabasi.

Basi Mercedes au Range Rover, hata likiuzwa bei ya nyumba ya ghorofa, mbele ya sheria ni gari dogo. Rolls-Royce Phantom lina urefu wa karibu mita 6 na uzito unaopita kilo 2,500. Hata hivyo, huko Uingereza huendeshwa kwa leseni ya kawaida, ambayo kwa magari ya petroli mpaka wake ni kilo 3,500 na abiria 8.

Kijana wetu alikuwa na B1, gari lilikuwa otomatiki lenye viti vitano, naye hakulipwa hata senti. Akaliendesha kwa haki yake.

Lakini msomaji, tahadhari. Gari lililorefushwa likatiwa viti vingi, au lililovikwa chuma cha kuzuia risasi, laweza kutoka katika daraja hilo. Anayelipwa kuendesha naye ana daraja lake. Na kosa si la dereva peke yake: mwenye gari aliyemruhusu asiye na daraja ana hatia vilevile, na bima yaweza kumgeuka siku ya ajali.

Tena leseni hukupa ruhusa, haikupi mazoea. Gari refu lahitaji nafasi kubwa kwenye kona, na zito halisimami upesi. Kabla ya kupakia maharusi, lizungushe kwanza likiwa tupu. Roho za watu ni amana.