Spider-Man aliuza ndoa kwa shetani, sisi mashabiki ndio tunaolipa

Ukiniuliza Spider-Man alianza kuharibika lini, nitakutajia mwaka bila hata kufikiri: 2007.

Siongelei filamu. Hizo ziko sawa, na kila mpya ikitoka watu hupigania viti. Naongelea jarida lenyewe la katuni, The Amazing Spider-Man, mahali ambapo stori zote hizo za sinema zilichotwa. Huko mambo si mazuri, na sisi tulioshikilia kama mashabiki wa timu inayochapwa kila wikendi tumeanza kuchoka.

Kwa wale ambao hawakuwepo, mambo yalikwenda hivi. Peter Parker alikuwa amevua barakoa mbele ya dunia nzima, maadui wakajua anakoishi, na Shangazi May akapigwa risasi. Mama wa watu yuko hospitalini, mahututi. Katika hadithi iliyoitwa One More Day, Peter na mkewe Mary Jane wanajiwa na shetani mmoja kwa jina Mephisto. Haitaki roho ya mtu, anataka ndoa yao. Wakakubali. Peter akaamka kwa shangazi yake, hana mke, na hakuna anayekumbuka kwamba wawili hao waliwahi kuoana.

Ndoa ya miaka 20, tangu 1987, ikafutwa hivyo tu kama ujumbe wa WhatsApp.

Hata mwandishi wa hadithi hiyo, J. Michael Straczynski, alisema hadharani kwamba hakufurahia ilivyomalizwa na kwamba alitaka jina lake liondolewe kwenye matoleo ya mwisho. Mpishi akikataa chakula chake mwenyewe, wewe mla utasemaje?

Zamani alikuwa anakua

Kinachouma ni kwamba Peter alijengwa ili akue. Stan Lee na Steve Ditko walipomleta mwaka 1962, alikuwa kijana wa shule. Kufikia 1965 alikuwa ameshamaliza sekondari na kuingia chuo kikuu. Mwaka 1973 mpenzi wake, Gwen Stacy, akafa katika toleo la 121, na hakuna uchawi uliotumika kufuta machozi yake. Akaomboleza, akaendelea na maisha, mwishowe akaoa.

Ndiyo maana vijana wa mjini tulimuelewa. Batman ana mabilioni. Superman ametoka sayari nyingine. Huyu wetu alikuwa na kodi ya nyumba, bosi anayemfokea na kulipa kiduchu kwa kila picha, na shangazi wa kutunza. Huyo unaweza kumkuta Umoja au Pipeline leo, akihesabu kama salio litafika mwisho wa mwezi.

Wakubwa wa Marvel walidai kuwa mke humzeesha shujaa. Sawa, lakini kumrudisha nyuma kulileta tatizo kubwa zaidi: tangu siku hiyo hawezi kusonga mbele. Akipata kazi nzuri, ujue ataipoteza. Akipata mpenzi, wataachana. Msomaji akishajua kwamba kila kitu kitarudishwa palepale, wasiwasi unaisha, na hadithi ya shujaa bila wasiwasi ni picha tu za mtu aliyevaa nguo za kubana.

Tuwe wakweli, si kila kitu kilikuwa takataka. Mwaka 2013 Dan Slott alituletea The Superior Spider-Man, ambapo Doctor Octopus alikuwa ameuteka mwili wa Peter na kujaribu kuwa shujaa bora kuliko mwenyewe. Watu walilalamika mwanzoni, kisha tukanaswa wote. Lakini angalia ilichukua nini: ilibidi Peter aondolewe kwanza ndipo jarida lake lipate uhai.

Maji yalipozidi unga

Mwaka 2022 jarida likaanzishwa upya kutoka namba moja, chini ya Zeb Wells. Mary Jane tukamkuta anaishi na jamaa anayeitwa Paul, na watoto wawili. Tukangoja maelezo kwa miezi. Yalipokuja, watoto wenyewe wakageuka kuwa mazingaombwe tu, wakatoweka.

Halafu 2023 wakamuua Kamala Khan, yaani Ms. Marvel, shujaa wa kwanza Mwislamu kupewa jarida lake mwenyewe na Marvel. Binti aliyependwa na vijana kote duniani akafia katika jarida la mtu mwingine, ambamo hakuwa hata mhusika mkuu. Miezi miwili hivi baadaye akafufuliwa kwa kina X-Men. Sasa yale machozi yalikuwa ya nini?

Toleo moja ni karibu dola 4, yaani takriban Sh500 kabla hata hujafikiria usafiri wa kulileta hapa. Kwa pesa hizo mtu ana haki ya kudai stori inayokwenda mahali.

Wapo watakaosema kwamba Peter akizeeka, vijana watamkimbia. Hapana, bana. Kijana yupo tayari: Miles Morales, aliyeanza kuonekana mwaka 2011. Anayetaka Spider-Man wa shuleni anamsoma Miles. Hakuna sababu ya kumfungia Peter darasa moja milele.

Na jibu limetoka Marvel kwenyewe. Januari 2024 walizindua Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto. Humo Peter ni mtu mzima, ameoa Mary Jane, ana watoto wawili, na ndevu juu yake. Toleo la kwanza liliisha madukani, ikabidi lichapishwe tena na tena. Kumbe mke hakuwahi kuwa tatizo.

Kwa hivyo Sh500 zangu zimehama. Kama unaanza leo, tafuta hiyo ya Hickman, kisha urudi usome kazi ya Straczynski kuanzia 2001 na usimame kabla ya shetani kuingia. Lile jarida kuu nimeliweka kando. Wakimrudishia Peter mke wake, mnipigie simu.