Mtoto ni amana: Siku sita za baiskeli, tela na hema kando ya mto Danube

Bibi yake mtoto aliposikia kwa simu, kutoka Tanga, kwamba tumenunua tela la kumvuta mjukuu wake nyuma ya baiskeli, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Wanangu, mtoto ni amana. Si gunia la nazi."

Hatukulichukulia neno hilo kwa wepesi. Sisi ni mume na mke, wazaliwa wa Tanga, tunaoishi na kufanya kazi kusini mwa Ujerumani. Binti yetu alikuwa na umri wa miezi 14. Tangu azaliwe, maisha yetu yalikuwa ya chumbani: baba kazini kutwa, mama na mtoto dirishani. Huko kwetu mtoto hulelewa na ua mzima. Huku jirani hutikisa kichwa akapita. Tulitamani siku chache za kuwa pamoja sote watatu, nje, katika ardhi ya Mwenyezi Mungu. Mali ya kukodi hoteli hatuna, lakini baiskeli tulikuwa nazo.

Tulichagua njia ya baiskeli inayofuata mto Danube, kuanzia Passau, mji wa mpakani inapokutana mito mitatu, kuelekea Vienna, mji mkuu wa Austria. Umbali wake unapita kilomita 300. Karibu njia yote ni tambarare, kwani sehemu kubwa yake hufuata ukingo ambao farasi wa zamani waliupita wakiburuta mashua dhidi ya mkondo. Njiani hupatikana viwanja vya kupigia hema, vyenye choo, bafu na maji ya moto. Familia nyingi za Ulaya huanza safari zao za baiskeli hapo, nasi tukaona patatufaa.

Maandalizi

Jambo la kwanza tulilouliza ni umri. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kwamba mtoto asibebwe kwa baiskeli kabla ya kutimiza miezi 12, kwa kuwa shingo yake bado ni dhaifu, haiwezi kuhimili mtikisiko na uzito wa kofia ngumu. Madaktari hao huona tela kuwa bora kuliko kiti cha nyuma ya baiskeli, kwa sababu tela liko chini, karibu na ardhi, na mtoto hukaa amefungwa mikanda ndani ya fremu imara.

Jambo la pili ni sheria. Austria humtaka mtoto aliye chini ya miaka 12 avae kofia ngumu, hata akiwa ndani ya tela. Tela nalo hutakiwa kuwa na kibendera cha rangi kali juu ya mti wa mita moja na nusu, ili madereva walione.

Jambo la tatu ni mazoezi. Tulilivuta tela kwa majuma mawili mtaani kwetu, mara ya kwanza likiwa na mifuko ya mchele badala ya mtoto. Hapo tukajua kwamba tela ni pana kuliko baiskeli. Mwendeshaji akikata kona kwa kasi, gurudumu la ndani hupanda ukingo wa barabara, na tela linaweza kupinduka. Heri mchele uanguke kuliko mtoto.

Tulipakia hema, mifuko ya kulalia, jiko dogo la gesi, unga wa uji, nepi, pampu, tyubu za akiba, kanga tatu na mswala. Siku ya kuondoka, mwezi wa Juni, tulisoma dua ya safari, tukashika njia.

Siku ya pili

Siku ya kwanza ilikuwa ya furaha, na tuliendesha kiasi cha kilomita 25. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri alivyoruhusiwa, juu ya nyasi, tukielekea kusini-mashariki ilipo Kibla, huku binti yetu akitambaa baina ya misala. Usiku ulikuwa mgumu kidogo, maana Juni huko jua huzama baada ya saa tatu usiku, na mtoto haelewi kwa nini alazwe ilhali kunang'aa.

Siku ya pili mvua ilianza asubuhi, na upepo wa baridi ukavuma kwenye bonde la mto. Baba wa mtoto alikuwa amepanga orodha: leo kilomita hizi, kesho mji ule, siku ya kumi Vienna. Mama alisema, "Tungoje hapa hapa kambini." Baba akajibu kwamba tela lina kifuniko cha mvua, mtoto ni mkavu, twende.

Tukaenda. Kwenye baiskeli sisi tulikuwa tunatoka jasho, hata mmoja wetu akavua koti. Ndani ya tela kulikuwa kimya. Tulichungulia mara moja, tukaona macho yamefumba, tukasema amelala, alhamdulillah, tukaongeza mwendo ili kufaidi usingizi wake.

Tuliposimama kwa ajili ya Adhuhuri, mama alimfungua mikanda. Mikono ya mtoto ilikuwa ya baridi, na miguu pia. Alipotia kidole nyuma ya shingo, napo palikuwa pa baridi. Mtoto alifumbua macho, akatutazama, akayafumba tena bila kulia. Kile kutolia ndiko kulikotutisha.

Mama aliketi chini ya paa la kituo cha kivuko, akamvua mtoto nguo zenye unyevu, akamweka kifuani ngozi kwa ngozi ndani ya vazi lake, tukawazungushia kanga zote tatu na mfuko wa kulalia. Baba alichemsha maji, tukamnywesha maziwa ya vuguvugu kidogo kidogo. Nyumba ya wageni ilikuwa karibu. Mwenye nyumba, mwanamke mtu mzima, alipotuona hakuuliza bei wala pasipoti. Alitufungulia chumba chenye joto na kumpigia daktari wa kijijini, ambaye alitueleza la kufanya na dalili za kuangalia. Baada ya saa moja mtoto alianza kulia kwa nguvu. Hatujapata kusikia kilio kitamu kuliko kile.

Kosa letu lilikuwa wapi?

Usiku ule tulisemezana maneno makali, kisha tukanyamaza, kisha baba akakiri kwamba orodha yake ndiyo iliyomvuta mtoto mvuani. Mama naye akakiri kwamba aliona vibaya, akanyamaza. Tuliomba msamaha, kwa Allah (S.W.) na baina yetu.

Kosa lenyewe ni jepesi kulieleza. Anayekanyaga pedali hutengeneza joto. Anayevutwa ametulia tuli, na mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mwili wa mtu mzima. Tulipima hali ya mtoto kwa miili yetu: tuliona joto, tukadhani naye anaona joto. Siku ya jua kali kosa hugeuka. Mwendeshaji hupigwa na upepo, na mtoto yumo chini ya kifuniko kisichopitisha hewa, ambamo joto hupanda haraka. Kwa hiyo jua likiwaka, tela hufunikwa kwa chandarua chake tu, halitandikwi blanketi juu.

Wasomaji wanaijua hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto wakati wa kuswalisha huifupisha swala aliyokusudia kuirefusha, kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa swala ya jamaa ilifupishwa kwa ajili ya mtoto, orodha yetu ya vijiji ni kitu gani?

Tulikaa pale siku mbili. Kisha tukaandika kanuni mpya: kusimama kila baada ya nusu saa na kugusa shingo ya mtoto nyuma, kwani mikono na miguu hudanganya, kutotia nia ya kuvuka kilomita 30 kwa siku, kutoendesha katika mvua ya baridi, na mmoja akisema "tusimame," mwingine hana hoja.

Siku mbili zilizobaki tulikwenda kwa mwendo huo. Tuliona mto ukipinda kama nyoka kati ya milima yenye misitu. Tulivuka Ottensheim kwa kivuko kinachosukumwa na mkondo wa maji wenyewe, kikishikwa na kamba ya chuma, na binti yetu akayapungia maji mkono. Siku ya sita tuliingia Linz, takriban kilomita 100 kutoka tulikoanzia. Vienna ilikuwa mbali bado. Tulikunja tela, tukapanda treni ya kurudi.

Kwa wiki nzima hatukumwambia bibi. Kisha tukaona kuficha ni kosa la pili, tukampigia, tukamweleza yote. Tulingoja atukemee. Aliuliza kama mtoto anakula vizuri, tukasema anakula. Akasema: "Mlifanya vyema kurudi. Vienna haihami."

Wazazi wenzetu, hatuwaambii mnunue tela. Wengi wenu mnambeba mtoto kwenye keria, bodaboda au daladala, na huko nako mtoto yupo kimya mgongoni, na mzazi ana haraka zake. Simameni. Tieni kidole nyuma ya shingo. Tunamwomba Allah (S.W.) atulindie amana alizotupa, na atujaalie kuwa wachungaji wanaoliangalia kundi kabla ya kuiangalia njia. Amin.