Saa 48 za seli moja: malaria hujifichaje mwilini mwako?

Likizo imefika, unatoka Nairobi kwenda ushago Birongo. Ukiulizwa chandarua, unacheka: "Kisii ni baridi bwana, mbu watoke wapi?" Hebu ngoja kidogo. Miaka ya 1990 milipuko ya malaria ilivamia nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, Kisii ikiwemo, na iliwaangusha hata watu wazima, kwa kuwa miili yao haikuwa imeuzoea ugonjwa huo.

Vita vyenyewe hupiganwa kwenye uso wa seli. Seli nyekundu ya damu yenye afya ni laini, imebonyea katikati, na hujikunja ikapenya mishipa myembamba kuliko yenyewe. Kimelea cha malaria kikishaingia, kwa saa kumi na kitu za kwanza huoni jambo kubwa nje. Kinakula himoglobini kimyakimya. Kisha seli inaanza kuota vinundu, vidogo hivi kwamba unahitaji darubini ya elektroni kuviona. Juu yake kimelea hupachika protini inayonata, na seli inanasa kwenye kuta za mishipa, hata ubongoni. Kwa nini inate? Ili isipite kwenye wengu, kichujio ambacho kingeimaliza. Na kinga yako ikianza kuitambua protini hiyo, kimelea kinaleta nyingine. Kina jeni kama 60 za kuchagulia. Ni kama wale matapeli wa simu, ukiblock namba hii wanakuja na ile.

Saa 48 zikitimia, seli inapasuka na kumwaga vimelea vipya 16 hadi 32. Homa hiyo hapo! Ndiyo sababu pia tone la damu ya kidoleni huonyesha zaidi vimelea vichanga. Vilivyokomaa vimejishikilia ndani kabisa. Kipimo kikisema huna malaria na homa bado inakusumbua, rudi upimwe tena.

Lakini ziko seli zisizotaka mchezo. Mwaka 2020 watafiti wa KEMRI-Wellcome kule Kilifi, pamoja na wenzao wa Cambridge, walieleza siri ya aina ya damu iitwayo Dantu: uso wa seli zake umekazwa kama ngozi ya ngoma, kimelea kinahangaika kuingia na mara nyingi kinashindwa. Kilifi, baadhi ya watoto wana jeni hiyo. Kwingineko duniani ni nadra mno, kwa hivyo usiitegemee ukishuka matatu Birongo. Beba chandarua.