Lugha ya mafundi isipuuzwe

Wapo miongoni mwetu, sisi tunaojiita wataalamu wa lugha, wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakijapata uwezo wa kueleza mambo ya ufundi na sayansi. Imani hii imezagaa vyuoni na hata katika vyumba vya walimu. Aghalabu hutolewa kwa Kiingereza, tena na mtu ambaye hajapata kushika spana maishani mwake. Katika makala haya ningependa kuijibu kwa mfano mmoja wa nyumbani, nao ni mashine kuukuu ya kufulia nguo na namna inavyotengenezwa inapoharibika.

Kabla ya kuifungua mashine yenyewe, natuitazame kazi yake. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa nguo, sahani, uso na miguu. Mswahili hachanganyi mambo hivyo. Nguo hufuliwa, vyombo huoshwa, mtu hunawa mikono na uso, huoga mwili, na anayejiandaa kwa sala hutawadha. Nguo nazo zina safari yake: hufuliwa, zikasuuzwa, zikakamuliwa, zikaanikwa, kisha zikaanuliwa jua linapotua. Katika safari hiyo mashine ya kawaida hufanya kazi tatu za mwanzo, yaani kufua, kusuuza na kukamua. Aliyeijua lugha yake ameshaujua mpangilio wa mashine kabla hajasoma ukurasa wowote wa maelezo.

Huku kwetu Nairobi wengi husema wanaosha nguo, nao watu wa pwani hutucheka kwa hilo. Hata hivyo, yule mwanamke anayebisha hodi mlango hadi mlango akitafuta kibarua cha nguo anaitwa mama fua, wala sijasikia mtu akimwita mama osha. Kitenzi ambacho vinywa vyetu vimekiacha kimesalia katika jina la kazi ya watu. Haya ndiyo mambo ambayo mwanaisimu hukutana nayo akitoka maktabani.

Sasa turudi kwenye mashine. Yangu ina umri wa miaka 18 na mlango wake uko mbele. Miezi michache iliyopita ilianza ugonjwa wa ajabu. Ilifua na kusuuza vyema, lakini ilipofika kwenye kukamua ilisimama, taa zikawa zinamemeteka, na nguo zikatoka chepechepe. Kituo kimoja cha huduma mjini kilinishauri kwamba ubao wote wa elektroniki ubadilishwe, na kwamba kwa gharama hiyo ingekuwa heri ninunue mashine mpya. Nikamwita mzee mmoja wa mtaani, ambaye karakana yake ni kibanda cha mabati kando ya barabara.

"Mwalimu, maji machafu yanatoka yote?" aliniuliza hata kabla ya kuketi.

"Yanatoka yote, mzee. Pipa linabaki kavu."

"Basi pampu ni nzima. Hii haisikii tu."

Aliichomoa mashine kwenye umeme, akafunga mfereji, akaivuta kutoka ukutani, akafungua skrubu mbili za nyuma na kuondoa kifuniko cha juu. Alinionyesha mrija mwembamba wa mpira uliopanda kutoka chini ya pipa hadi kwenye kitu cha mviringo, mfano wa mkebe mdogo wa rangi ya viatu, chenye nyaya kadhaa. Akakigusa kwa kidole na kusema, "Hili ndilo sikio."

Nitaeleza kazi ya sikio hilo, maana wanafunzi wengi wanaoitumia mashine hii hawaijui. Mashine ya aina hii haina jicho la kuona maji. Maji yanapopanda ndani ya pipa, huingia pia katika chemba ndogo iliyo upande wa chini, na kuibana hewa iliyomo. Hewa hiyo hupanda mrijani na kukisukuma kiwambo cha mpira kilicho ndani ya mkebe, nacho kikabonyeza swichi. Hapo mashine hujua kwamba maji yametosha, ikaufunga mlango wa maji. Maji yakitolewa, hewa hulegea, kiwambo kikarudi mahali pake, na mashine ikajua kwamba pipa ni tupu. Maadam haijapata habari hiyo haitakamua, na inafanya hivyo kwa busara, kwani kulizungusha kwa kasi pipa lililojaa maji ni kuiumiza mota na beringi zake. Iwapo ukoko wa sabuni umeiziba ile chemba, hewa hunaswa ndani, na mashine ikaendelea kuamini kwamba ina maji ilhali haina hata tone.

Mzee aliuchomoa mrija kwenye chemba, akauweka mdomoni na kupuliza polepole. Tukasikia tik. Alipoachia, tukasikia tik nyingine. "Sikio halina neno," akasema. "Njia ndiyo imeziba." Chemba ilisafishwa kwa maji ya moto na brashi ndogo, na saa moja haikwisha kabla ya pipa kukamua. Hakuna kipuri kilichonunuliwa, na ule ubao wa elektroniki uliohukumiwa kifo ungali unafanya kazi hadi leo.

Lililonivutia zaidi lilikuwa lugha. Kiswahili kimezoea kuviazima viungo vya mwili: meza ina miguu, msumeno una meno, chupa ina shingo. Mzee yule alipoiita swichi ya maji sikio, alifuata kanuni ile ile iliyowaongoza wazee wetu, na jina lake linafafanua kazi kuliko tafsiri yoyote ambayo ningeibuni mimi ofisini. Kadhalika aliliita pipa kwa jina la pipa. Mtafsiri wa haraka, aliyekaa na kamusi ya Kiingereza mbele yake, angeandika ngoma, na mwanafunzi angebaki akijiuliza inachezwa wapi.

Tuchukue neno pampu. Watetezi wa usafi wa lugha watauliza kwa nini fundi asiseme bomba, neno tulilolipata kwa Wareno karne nyingi zilizopita, ambalo kwao lilikuwa na maana hiyo hiyo. Jibu ni kwamba bomba limekwisha kuwa na kazi nyingine. Kwetu ni ule mwanzi unaopitisha maji, na kwa majirani zetu wa Tanzania ni hata ule tunaouita mfereji. Fundi akisema bomba limeziba, mwanagenzi wake atafungua nini? Kwa hiyo ameazima pampu ili kila kitu kiwe na jina lake. Hali ni hiyo hiyo kwa belti. Mshipi ni wa kiunoni, na kwa mvuvi wa pwani ni uzi wa kuvulia samaki. Wanaodhani mafundi hukopa maneno kwa uvivu hawajawasikiliza wakiwa kazini. Wanakopa pale ambapo utata ungeharibu kitu au kumjeruhi mtu.

Lakini nisije nikaonekana kuwabeza waunda istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na ni kazi ya kupigiwa mfano. Wenzetu wa Tanzania walituundia neno kanieneo kwa kile ambacho fundi hukiita presha. Litazame vizuri neno hilo: kani na eneo. Mwanafunzi wa fizikia anayelijua ameibeba fomula nzima kinywani mwake, yaani kani kugawanywa kwa eneo. Presha haimpi faida hiyo, bali humpa nyingine, kwa kuwa kila mtu mtaani analijua, awe anazungumzia damu, gurudumu au tangi la maji.

Na hapa mwalimu wa sayansi ana somo zima asilolipia senti. Safu ya maji yenye kimo cha mita 10 huzaa kanieneo inayokaribia ile ya hewa ya pwani. Basi tangi lililo mita 3 tu juu ya mashine halifikishi hata theluthi moja ya kiasi hicho, na ndiyo sababu mashine nyingi za ghorofa za juu huchukua muda mrefu kujaa. Ndani ya pipa, maji ya kina cha sentimita 10 huongeza takriban sehemu moja tu kwa mia. Sikio la mashine husikia badiliko hilo dogo, na ndiyo sababu mzee alipuliza polepole kama anayepoza chai. Hakuwahi kusoma hesabu hiyo, lakini pumzi yake iliijua.

Hapo ndipo penye jeraha letu. Tumewalea vijana wanaoweza kuiandika fomula kwa Kiingereza lakini wasiweze kuufungua mrija, na tunao mafundi wanaoufungua mrija lakini wasihesabiwe kuwa wanajua lolote. Wanafunzi wangu, ambao wote walifaulu fizikia katika kidato cha nne, niliwaomba wanieleze kwa Kiswahili jinsi mashine inavyojua kwamba imejaa. Mmoja tu alijaribu, naye alikuwa amelelewa katika karakana ya babake.

Serikali nayo isikwepe. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu. Kijitabu cha mashine yangu kina lugha saba, zikiwamo Kiarabu na Kituruki. Kiswahili hakimo. Habari isiyosomeka na anayeihitaji ni habari gani? Sioni sababu ya bidhaa kuingia nchini bila maelezo katika lugha ambayo mama fua na fundi wanaifahamu.

Lugha peke yake haitatosha, nakubali. Katika mashine nyingi za kisasa, pipa la nje limetengenezwa kwa plastiki na kuunganishwa kwa moto badala ya skrubu, hivi kwamba beringi ndogo ikiisha hununui beringi, bali pipa zima. Umoja wa Ulaya umeanza kupambana na hali hiyo: tangu Machi 2021 waundaji wa mashine za kufulia wanaouza huko wanalazimika kuhakikisha kwamba vipuri kadhaa muhimu vinapatikana kwa miaka isiyopungua 10. Sisi tunaonunua mashine hizo hizo, nyingine zikiwa zimeshatumika ng'ambo, tungefaa kudai vivyo hivyo.

Walimu wa Kiswahili wasingoje sheria. Insha ya maelekezo hufundishwa kila mwaka, na kila mwaka mwanafunzi huelekeza mgeni njia ya kwenda sokoni. Mpelekeni kwa fundi wa baiskeli, wa redio au wa cherehani akiwa na daftari na adabu, akae nusu siku, arudi na ukurasa mmoja unaoweza kumwongoza mtu mwingine kutengeneza kitu. Ukurasa huo ujaribiwe kwa kukifungua kifaa chenyewe, umeme ukiwa umechomolewa. Kosa la ngeli litaonekana, na hatua iliyorukwa itaonekana upesi zaidi.

Darasa langu limeanza. Daftari letu lina maneno sitini na mawili kutoka karakana tano za Nairobi, na mzozo uliopo sasa ni juu ya ule mpira mpana unaozunguka mlango wa mashine ili maji yasimwagike. Karakana tatu huuita raba, moja huuita mpira wa mlango, na ya tano, ambayo mwenyewe ni mzaliwa wa Lamu, huuita mdomo. Wanafunzi wanataka nikate shauri. Nimewaambia warudi wakawaulize mafundi wengine kumi.