MGENI AJE, MWENYEJI APONE

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo yanafaa kuwa kipimo cha kila kiwanja cha ndege kinachojengwa katika visiwa vyetu.

Hapana shaka kwamba hatua iliyopigwa ni kubwa. Mwaka 1977 lilipovunjika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946, makao yake makuu yalikuwa Nairobi, na Tanzania ikalazimika kuunda shirika lake mwaka huo huo. Leo hapo Kisauni, Unguja, limesimama jengo la tatu la abiria, lililoanza kutumika mwaka 2021 na kukusudiwa kuhudumia watu milioni 1.5 kwa mwaka. Ndege za Ulaya na za Ghuba hutua moja kwa moja. Mgeni amekuja.

Je, mwenyeji amepona?

Kutoka Unguja hadi Pemba ndege huchukua kiasi cha nusu saa. Meli huchukua saa kadhaa, na bahari ile haina mzaha. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya ndugu zetu wakafa maji. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Hatusemi kwamba ndege itaiondoa meli. Mwananchi mwenye watoto wanne na mizigo yake ataendelea kupita baharini, na ni haki yake apate chombo salama. Lakini mgonjwa wa Micheweni anayetakiwa kufikishwa Hospitali ya Mnazi Mmoja hana saa za kungojea, wala mara nyingi hana nauli ya ndege.

Kwa hiyo twatoa rai kwa wenye dhamana. Sehemu ya ada wanazotozwa abiria wa kimataifa itengwe kuwasafirisha wagonjwa wa Pemba kwa ndege. Vijana wa visiwani nao wapelekwe kwa wingi kusomea urubani na ufundi wa ndege, kwani Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Dar es Salaam.

Jengo zuri ni fahari yetu sote. Hata hivyo, fahari hiyo itatimia siku mzee wa Micheweni atakapolitaja kiwanja cha ndege kwa kusema: chetu.