Ordinatere ya zamani Butembo na Beni: angalia ndani mbele ya kutoa dola

Ordinatere nyingi zenye zinauzwa Butembo na Beni zilishatumika kwanza inchi za inje. Zinapita Mombasa, Kampala na mupaka wa Kasindi, zinapanguswa, kisha zinawekwa kwenye meza ya duka zikingaa. Muzazi mwenye ameuza kakao ju mutoto aandike kazi yake ya mwisho wa masomo anaambiwa neno moja tu: "Hii ni Core i5."

Neno hilo peke yake halitoshi. Core i5 ziko za miaka mingi. Muombe namba yenye inafuata: i5-2520M ni ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Tofauti ni kubwa, ju tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha utunzaji wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inaomba Intel ya kizazi cha nane na kuendelea. Kuna mafundi wenye kuilazimisha kwenye masini za nyuma. Inatembea, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuipa marekebisho. Kwa masini kama hiyo, afazali Linux Mint: ni ya bure, inasema Kifaransa, inakuja na LibreOffice ya kuandikia, na GB 4 za memwari zinaitosha.

Halafu batri. Umeme ikikatika, ordinatere ya mezani inazimika palepale, na kurasa zenye hazijalindwa zinapotea. Ya kubeba inawaachia wakati wa kulinda kazi, kama batri ingali nzima. Muchomoe shaja mbele ya muuzaji, muiache itembee nusu saa. Kwenye Windows, mufungue dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport: ripoti inaonyesha nguvu ya batri ilipokuwa mupya na ile yenye inaweza kushika leo. Ikiwa imebaki chini ya nusu, bei ya batri ingine itolewe kwenye bei ya masini. Muuzaji atanunguna, lakini namba ni zake mwenyewe.

Mukiwa na pesa kidogo ya kuongeza, ianze kwa disiki. Disiki ya zamani inazunguka ndani. SSD haina kitu chenye kuzunguka, na masini yenye ilikuwa inachukua dakika nyingi kuwaka inaamka haraka. Kwa ordinatere nyingi za kubeba za miaka hiyo, SSD ya inchi 2.5 inaingia mahali palepale. Disiki ya zamani musiitupe: ndani ya sanduku la USB inakuwa pa kulindia kopi ya kazi ya mutoto.

Memwari inafuata, kutoka GB 4 kwenda 8. Lakini DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kakato kake hakako pamoja, na masini zingine zimechomelewa memwari kabisa. Fundi afungue kwanza, ndipo mununue.

Muwashe tena na kuingia kwenye BIOS. Ikiomba neno la siri lenye muuzaji hajui, muiache.

Na kama saa inarudi kila mara kwenye mwaka wa zamani, mitandao itakataa kufunguka, watu watasingizia megabaiti. Mara nyingi ni kabatri kadogo ka CR2032, kama ka saa.